Vyuo vikuu vya kwanza Ulaya vilikuwa vyama vya wageni, na silaha yao kubwa ilikuwa kuhama mji

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kila ukizuka ubishi humu kuhusu chuo kipi ni kikongwe duniani, unaishia kwenye tarehe. Huyu anakuja na Bologna 1088, yule Fes 859, wa tatu anaingiza Timbuktu, na kufikia ukurasa wa pili watu wameshatukanana. Mimi swali la nani katangulia halinipi raha sana. Linalonipa raha ni hili: vile vyuo vya Bologna, Paris na Oxford, ambavyo digrii zetu zote zimetoka kwenye ukoo wao, vilianzishwa na nani?

Havikuanzishwa na mtu. Hakuna mfalme aliyekata utepe wala papa aliyeweka jiwe la msingi. Hata jengo halikuwepo. Waliokuwepo ni watu waliohamia mjini kusoma, wengi wao wageni, wenyeji wakawa wanawaonea, wakaona bora waungane. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Tuanze na Bologna, kaskazini mwa Italia. Mwishoni mwa karne ya 11 miji ya upande ule imechangamka. Biashara inakua, watu wanaandikiana mikataba, wanagombania ardhi na mirathi, na juu yao papa na mfalme wa Ujerumani wanavutana nani mwenye kauli ya mwisho. Kila upande unatafuta hoja ya kisheria ya kumbana mwenzake. Kipindi hichohicho kile kitabu kikubwa cha sheria za Kirumi, Digesta, alichokitoa mfalme Justinian mwaka 533 na ambacho upande wa magharibi kilikuwa kimesahaulika kwa karne kadhaa, kikaanza kusomwa upya. Bologna akatokea mwalimu aitwaye Irnerius, akawa anakipitia mstari kwa mstari na kuandika maelezo pembeni mwa ukurasa. Sifa zikaenea. Mnamo 1140 hivi Gratian naye akazipanga sheria za kanisa kwenye kitabu kimoja, Decretum. Kuanzia hapo aliyetaka sheria ya serikali au ya kanisa, safari yake ilikuwa moja. Vijana wakawa wanavuka milima ya Alps kutoka Ujerumani, Ufaransa, hata Uingereza.

Ule mwaka 1088 unaouona kwenye nembo ya chuo ulichaguliwa na kamati ya watu wa karne ya 19, wapate kusherehekea miaka 800 mwaka 1888. Hakuna hati ya 1088 inayosema leo tumefungua chuo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya huyo mgeni. Miji ya Italia ilitoa haki kwa raia wake, na wewe si raia. Mwenye nyumba anakupandishia kodi anavyojisikia. Ukidhulumiwa, hakimu ni mtu wa kwao. Baya kuliko yote, mtu wa kwenu akikopa pale mjini akatokomea, wadai walikuwa wanakukamata wewe ulipe, kisa mmetoka nchi moja. Mfalme Frederick Barbarossa aliipiga marufuku tabia hiyo katika miaka ya 1150 kwa amri iitwayo Habita. Ndani yake aliwapa wanafunzi wasafiri ulinzi njiani, na haki ya kushtakiwa mbele ya mwalimu wao au askofu badala ya mahakama ya mji.

Lakini mfalme yuko mbali na mwenye nyumba yuko mlangoni. Kwa hiyo wakajiunga. Waliotoka ng'ambo ya Alps wakawa na chama chao, waliotoka sehemu nyingine za Italia wakawa na chao, na ndani ya kila chama kuna vikundi vya watu wa nchi moja vilivyoitwa mataifa. Chama cha namna hiyo kiliitwa kwa Kilatini *universitas*, jina lilelile walilotumia maseremala na wachinjaji kwa vyama vyao. Mzaliwa wa Bologna hakuruhusiwa kujiunga. Wa nini, na haki anazo tayari?

Naendelea.

Mleta mada

Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa kodi ya nyumba. Wakaweka utaratibu: wakadiriaji wa upande wa wanafunzi wanakaa na wakadiriaji wa upande wa mji, wanapanga bei ya kila nyumba. Mwenye nyumba akizidisha, nyumba yake inafungiwa. Hakuna mwanafunzi wa chama anayeruhusiwa kupanga hapo, na atakayepanga anaadhibiwa na wenzake. Utaratibu huu ulikuja kuonekana Paris na Oxford pia.

Kazi ya pili ilikuwa walimu. Hapa ndipo wengi hawaamini. Bologna mwalimu alilipwa na wanafunzi wenyewe kutoka mfukoni, kwa hiyo walimwajiri wao, na aliyeajiriwa hana sauti. Rekta, yaani mkuu wa chama, alichaguliwa na wanafunzi kutoka miongoni mwao, na profesa alikula kiapo cha kumtii. Kuanza kipindi umechelewa, faini. Kuendelea kufundisha kengele ikiwa imeshalia, faini. Kuruka kifungu kigumu ukasema tutakirudia baadaye, faini. Akitaka kutoka nje ya mji anaomba ruhusa na kuweka amana ya fedha kama dhamana kwamba atarudi. Somo lake likikosa hata wanafunzi watano linahesabiwa kama hakuja kazini, faini tena. Akioa, anapewa siku moja ya fungate.

Msidhani walimu walikuwa malaika wanaoonewa. Yuko mmoja, Odofredus, bingwa wa sheria aliyefariki 1265, ambaye mihadhara yake imebaki kwenye maandishi pamoja na maneno yake ya pembeni. Anapofunga kozi anawashukuru wanafunzi, anawaalika kwenye misa, halafu anatangaza kwamba mwaka ujao hatatoa vipindi vya ziada vya mchana kwa sababu wanafunzi si walipaji wazuri: wanataka kujua lakini hawataki kulipa. Mhadhiri wa karne ya 13 huyo. Nimecheka peke yangu.

Kabwela wa Mabibo

Mkuu, hapo pa mwalimu kuruka kifungu kigumu na kupigwa faini, huo utaratibu uliondolewa na nani na kwa idhini ya nani? Maana mimi kuna mhadhiri wangu angefilisika muhula wa kwanza tu.

Halafu swali la ukweli: mwenye nyumba au mji ukikataa kabisa masharti yao, walikuwa wanafanya nini? Hawa ni wanafunzi, hawana jeshi.

Mleta mada

Kabwela, umegusa penyewe. Wanahama.

Chama hakikuwa na ukumbi, maktaba, maabara wala bweni. Mwalimu alifundishia nyumbani kwake au kwenye chumba cha kukodi, na mkutano mkubwa ulifanyika kanisani. Mali yote ya chuo ilikuwa vichwa vya watu na vitabu vichache. Vitu hivyo vinapakiwa kwenye punda asubuhi, na jioni mmeshafika mji mwingine unaowasubiri kwa hamu. Pigia hesabu anayebaki: wenye nyumba, wauza mvinyo, wauza mishumaa, wanakili wa vitabu, wafuaji. Mji mzima unalia njaa.

Bologna walilijua hilo mapema. Tangu miaka ya 1180 serikali ya mji ilikuwa inawaapisha walimu kwamba hawatakwenda kufundisha kwingine. Haikusaidia. Kundi lilikwenda Vicenza mwaka 1204, jingine Arezzo 1215, na mwaka 1222 wakahamia Padua. Hao wa Padua ndio chuo kikuu kilichopo pale mpaka leo. Kwa hiyo Padua ni mtoto wa ugomvi.

Mwaka 1321 mji wa Bologna ulimuua kwa hukumu mwanafunzi mmoja kwa kosa la kujaribu kumteka binti wa watu. Kosa ni kubwa, sitetei. Ila wanafunzi waliona mji umewadharau kwa kumhukumu mwenzao namna ile, wakafunga virago pamoja na walimu wao wakaenda Siena, nao Siena wakawapokea kwa mikono miwili. Bologna ikabidi ifanye suluhu ndipo wakarudi.

Ustadhi wa Bandarini

Assalaam alaykum. Uzi mzuri, ila umeipita Fes haraka mno. Al-Qarawiyyin ilianza mwaka 859, na mapokeo yanamtaja mwanamke, Fatima al-Fihri, kuwa ndiye aliyeijenga. Al-Azhar iko tangu karne ya 10. Baghdad Nizamiyya ilifunguliwa miaka ya 1060, ina walimu wa kulipwa na posho za wanafunzi, wakati hao wa Bologna hawajui hata waanzie wapi. Mwanafunzi alipewa ijaza kabla Ulaya haijajua neno digrii. Kwa nini tuite vya Ulaya ndivyo vya kwanza?

Mleta mada

Waalaykum salaam, ustadhi. Kichwa cha uzi kinasema vya kwanza Ulaya, na hilo nililiweka kwa makusudi. Lakini hoja yako inastahili jibu kamili.

Kama chuo kikuu ni mahali pa elimu ya juu ambapo wanazuoni wanakusanyika na kufundisha kizazi baada ya kizazi, basi Fes, Cairo na Baghdad wametangulia na hakuna mjadala. Tofauti iko kwenye muundo. Ijaza anaitoa mwalimu, mtu kwa mtu: mimi fulani nimemsikiliza fulani akisoma kitabu hiki, namruhusu akifundishe. Uzito wake ni uzito wa jina la sheikh aliyekupa, na silsila yake inayorudi nyuma. Waliosoma kwa masheikh Lamu au Unguja wanaijua hali hiyo vizuri. Paris leseni ya kufundisha ilitoka ofisini, kwa chansela wa kanisa kuu, na baada ya hapo ni jopo la walimu linaloamua kama linakupokea. Jopo hilo lina muhuri, lina kanuni, linaweza kushtaki na kushtakiwa, na mwalimu mmoja akifa lenyewe linabaki. Sheria ya Kiislamu haikuwa na mtu wa kisheria wa namna hiyo. Ilikuwa na waqfu, na waqfu unafuata masharti ya aliyeuweka.

Na hapo kwenye waqfu kuna jambo tamu. Mwanahistoria George Makdisi alijenga hoja kwamba zile koleji za Ulaya, mfano Merton ya Oxford ya 1264, ambapo tajiri anatenga mali ili mapato yake yawalishe wasomi milele, zinafanana mno na madrasa ya waqfu kiasi kwamba ni vigumu kuamini hazikuigwa. Wenzake hawajakubaliana naye wote. Mimi naona kwenye koleji ana hoja nzito, kwenye chama chenyewe hoja inalegea.

Lakini kuna deni ambalo halina ubishi, nalo ni la mada zenyewe. Constantine Mwafrika, mtu wa upande wa Tunisia ya leo, alikwenda kusini mwa Italia katika karne ya 11 na kutafsiri vitabu vya tiba kutoka Kiarabu, na shule ya tiba ya mji wa Salerno ikasimama juu ya kazi yake. Gerard wa Cremona alikaa Toledo hadi alipofariki 1187, akatafsiri zaidi ya vitabu 70, kikiwemo kitabu cha tiba Qanun cha Ibn Sina, ambacho vyuo vya Ulaya vilikisomesha kwa karne nyingi. Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki waliyekuwa wanampigania Paris, waliingia naye darasani wakiwa wameshika mkononi vitabu vya Ibn Rushd vya kumfafanua. Bila Waarabu, mtaala wa Paris ungekuwa kijitabu.

Ustadhi wa Bandarini

Hapo tumeelewana. Ingawa kwenye waqfu nitakurudia. Lete Paris.

Mleta mada

Paris ilikuwa kinyume cha Bologna. Kule wanafunzi ni watu wazima wa sheria, wengine tayari wana vyeo vya kanisa, kwa hiyo wao ndio walioshika usukani. Paris wengi walikuwa vijana wa miaka 14 au 15 wanaosoma sanaa: sarufi, mantiki, balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Huwezi kuwapa watoto wa umri huo wamsimamie mwalimu. Chama cha Paris kikawa cha walimu, na mfumo uliokuja kuenea zaidi kaskazini mwa Ulaya ni huo.

Mwanzoni mwa karne ya 12 yuko Abelard, fundi wa mantiki, anawavuta wanafunzi popote anapokaa, ndani ya kisiwa karibu na kanisa kuu la Notre-Dame au juu ya kilima cha Sainte-Geneviève ng'ambo ya mto. Walimu wakaongezeka. Tatizo likawa lilelile, nani anatoa leseni. Chansela wa Notre-Dame alitaka ibaki mikononi mwake, na wako machansela waliotaka wapewe chochote kitu kwanza. Mtaguso wa tatu wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1179 ukaamuru leseni itolewe bure kwa anayefaa. Ukiona sheria inakataza jambo, ujue jambo lilikuwa linafanyika.

Sasa vurugu. Mwaka 1200 mtumishi wa mwanafunzi mmoja Mjerumani, mtu mkubwa aliyekuwa ameteuliwa kuwa askofu wa Liège, alitumwa mvinyo. Akapigwa kilabuni na mtungi ukavunjwa. Wajerumani wakaenda wakampiga mwenye kilabu mpaka karibu ya kufa. Mkuu wa ulinzi wa mfalme akakusanya raia wenye silaha, wakavamia nyumba ya Wajerumani, na huyo askofu mteule akauawa pamoja na wengine. Walimu wakamwambia mfalme Philip Augustus: mtu wako asipoadhibiwa, tunaondoka. Mfalme alikuwa anajenga mji mkuu wake kwa nguvu zote, hakutaka kusikia habari ya kuondoka. Akamtia mkuu wa ulinzi gerezani na kuwapa wanafunzi hati: askari wake hawatamgusa mwanafunzi, kesi zao zitakwenda mahakama ya kanisa.

Mwaka 1215 mjumbe wa papa, Robert wa Courçon, akawaandikia kanuni. Anayefundisha sanaa awe na miaka 21 na awe amesoma miaka 6. Anayefundisha theolojia awe na miaka 35. Mavazi yametajwa pia: kanzu nyeusi ya mviringo inayofika visiginoni. Vitabu vya Aristotle vya maumbile na metafizikia vikapigwa marufuku. Vijana wakawa na hamu navyo maradufu.

Halafu ikaja 1229, ugomvi mama. Wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima, wanafunzi walikunywa mtaa wa Saint-Marcel, nje kidogo ya mji. Bili ikaleta maneno. Majirani wakaja kumsaidia mwenye kilabu, wanafunzi wakachezea kichapo. Kesho yake wakarudi na wenzao wakiwa na marungu, wakavunja kilabu, wakafungulia mvinyo ukamwagika, na njiani wakajeruhi watu wasiohusika. Blanche wa Castile, mama yake mfalme Louis wa Tisa aliyekuwa bado mtoto, akaamuru waadhibiwe. Askari wakatoka wakakuta wanafunzi wanacheza nje ya kuta za mji, na kwa maelezo ya wakati ule wala hawakuwa wale wa jana yake. Wakaua kadhaa.

Walimu wakasimamisha masomo. Wakadai haki, wakapuuzwa. Wakatawanyika: Angers, Orléans, Reims, Toulouse, na wengine wakavuka bahari. Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza aliwaandikia barua ya kuwakaribisha, aliona bahati imegonga hodi. Toulouse, chuo kilikuwa kimeanzishwa mwaka uleule, wakatoa tangazo ambalo hata leo lingekubalika kwenye gazeti: hali ya hewa nzuri, chakula rahisi, na vile vitabu vya Aristotle vilivyokatazwa Paris, hapa vinasomwa.

Paris ikakaa miaka miwili hivyo. Aliyewasuluhisha ni papa Gregory wa Tisa, mwenyewe aliwahi kusoma Paris. Tarehe 13 Aprili 1231 akatoa hati iitwayo Parens scientiarum. Ndani yake mgomo unakuwa haki iliyoandikwa: mwanachuo akiuawa au kujeruhiwa vibaya, au mji ukikataa kodi za nyumba zilizopangwa, na baada ya onyo zikapita siku 15 bila kurekebishwa, walimu wanaruhusiwa kusimamisha masomo. Soma tena hiyo. Kodi ya nyumba iko kwenye hati ya papa.

Dada wa Maktaba

Kaka, mbona hawa wanafunzi kila habari yao inaanzia kilabuni?

Pia nauliza, vitabu walipata wapi? Kabla ya mashine ya kuchapa kitabu kimoja si kilikuwa bei ya ng'ombe kadhaa?

Mleta mada

Dada, waandishi wa habari za kale waliandika vurugu. Aliyekaa chumbani akasoma hakuna aliyemwandika.

Kuhusu vitabu, bei ilikuwa kubwa kweli, ngozi ya mnyama ndiyo karatasi. Wakabuni njia ya akili sana. Muuza vitabu aliyesajiliwa na chuo alitunza nakala moja iliyohakikiwa, ikiwa imeachwa bila kujalidiwa, vipande vipande. Kila kipande kiliitwa *pecia*. Wewe unakodi kipande cha kwanza, unakinakili au unampa mnakili, unakirudisha, unachukua cha pili. Huku mwenzako yuko na cha tano. Kitabu kimoja kinanakiliwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na bei ya kukodi kila kipande imepangwa na chuo na kubandikwa hadharani. Ni kama kwenda steshenari ya nje ya geti kutoa kopi ya noti, tofauti ni kwamba wao walitoa kopi kwa mkono.

Na hela ya hayo yote ilitoka nyumbani. Vile vitabu vya kufundishia uandishi wa barua vya zama hizo vimejaa mifano ya barua za mwanafunzi kumpiga mzinga baba yake: mji ni ghali, nasoma kwa bidii, nimebakiwa na madeni, nakusihi. Kuna mifano ya majibu ya baba pia, mzee kasikia kijana anapiga gitaa wenzake wakisoma.

Wakili Msomi

Nachangia moja. Bologna kuanza na sheria kumenikumbusha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Oktoba 1961 kilifunguliwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi inapata uhuru, inahitaji mahakimu na waandishi wa mikataba kabla ya kitu kingine. Sababu zinafanana na hizo za miji ya Italia.

Ila kwenye mgomo historia imegeuka. Oktoba 1966 wanafunzi wetu waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawarudisha makwao mamia kwa siku moja. Huko Paris wanachuo ndio walikuwa wanautishia mji kuondoka, hapa serikali ndiyo iliyowaondoa wanachuo. Nini kilibadilika katikati?

Mleta mada

Wakili, nakuja huko, ila nipitie Oxford kwanza maana jibu liko njiani.

Oxford kulikuwa na walimu tangu mwishoni mwa karne ya 11. Pakaongezeka watu baada ya 1167, pale Henry wa Pili alipowazuia Waingereza kwenda kusoma Paris wakati wa ugomvi wake na askofu mkuu Thomas Becket. Mwaka 1209 mwanafunzi aliua mwanamke, akakimbia. Wenyeji wakawakamata waliokuwa wanakaa naye nyumba moja, na kwa ruhusa ya mfalme John wakawanyonga wawili au watatu. Wakati ule John alikuwa amegombana na papa, na wanafunzi walihesabiwa kuwa watu wa kanisa, hakuwahurumia. Walimu na wanafunzi wakasambaa. Wengine wakaishia mji mdogo wa Cambridge, na chuo cha Cambridge kikaanzia hapo.

Waliobaki Oxford walikaa na vyumba vitupu mpaka 1214. Mjumbe wa papa alipokuja kusuluhisha, masharti yalikuwa haya: kodi za nyumba za wanafunzi zipunguzwe nusu kwa miaka 10. Mji utoe shilingi 52 kila mwaka kwa wanafunzi maskini. Na kila sikukuu ya Mtakatifu Nikola walishe wanafunzi maskini 100 mkate, bia, mchuzi, na kitoweo cha samaki au nyama. Kitoweo kimeandikwa kwenye hati, mtu asije akaleta ujanja.

Lakini ukiangalia 1355, mambo yamebadilika. Tarehe 10 Februari wanafunzi wawili walilalamikia mvinyo kwenye kilabu cha Swindlestock, wakamrushia mwenye kilabu. Mji ukapigana na chuo kwa siku tatu. Wanachuo 63 wakauawa, na wenyeji wapata 30. Mauaji makubwa kuliko yote niliyotaja. Je, chuo kilihama? Wengine walikimbia, ila chuo hakikuhama. Safari hii mfalme alisimama upande wa chuo, akakipa madaraka juu ya mji mpaka kwenye bei ya mkate na bia, na meya na raia 62 wakatakiwa kila mwaka kuhudhuria misa na kutoa senti mojamoja ya toba. Waliendelea na desturi hiyo mpaka 1825.

Kilichobadilika kati ya 1209 na 1355 ndicho unachouliza, wakili. Merton ilishajengwa. Paris Robert de Sorbon alishafungua koleji yake tangu miaka ya 1250. Koleji ina mashamba, kuta, maktaba yenye vitabu vilivyofungwa kwa minyororo, na hivyo vyote havipandi punda. Bologna nako, mwishoni mwa karne ya 13 mji ulianza kuwalipa maprofesa mshahara, kwa sababu mtu anayekula kwako hahami ovyo. Ule ubabe wa wanafunzi ukaisha polepole, bila hata kura. Na watawala walikuwa wameshajifunza kuanzisha vyuo wenyewe: Frederick wa Pili alianzisha cha Naples mwaka 1224 ili apate maofisa, na akakataza raia wake kwenda kusoma kwingine. Chuo cha namna hiyo kinazaliwa kikiwa na mwenyewe. Dar es Salaam ni wa ukoo wa Naples zaidi kuliko wa Paris, kwa maana hiyo. Paris wenyewe walinyang'anywa ile haki ya mgomo mwishoni mwa karne ya 15.

Dada wa Maktaba

Na wanawake? Hujatugusa hata mara moja.

Mleta mada

Hawakuruhusiwa, dada. Wanafunzi wa Paris na Oxford walihesabiwa kuwa watu wa kanisa, walinyolewa utosi na kuvaa kanzu ya kikasisi, na mlango huo kwa mwanamke ulikuwa umefungwa. Ile kanzu ndiyo joho unalolikodi siku ya mahafali. Oxford iliwapa wanawake digrii kwa mara ya kwanza mwaka 1920, Cambridge ikasubiri mpaka 1948.

Kabwela wa Mabibo

Swali la mwisho mkuu, halafu nilale. Baada ya koleji kujengwa hakuna aliyejaribu tena kuhama?

Mleta mada

Walijaribu. Mwaka 1333 kundi la walimu na wanafunzi wa Oxford, hasa watu wa kaskazini waliokuwa wamechoka kuzozana na wenzao wa kusini, walihamia mji wa Stamford wakaanza kufundisha. Oxford hawakuwaacha waondoke kimyakimya kama zamani. Walimwendea mfalme Edward wa Tatu, akaamuru Stamford ifungwe, na maofisa wake wakaenda kuwatoa waliokaidi.

Chuo kikaongeza kiapo: kila anayetunukiwa shahada ya umahiri aape kwamba hatafundisha wala kusikiliza mhadhara Stamford. Wahitimu wa Oxford waliendelea kuapa hivyo, kizazi kwa kizazi, hadi 1827.